Kiitaliano Changu cha Keko

Nyie mnaokuja karakana na visikilizio masikioni, vitoeni kwanza, maana mie sirudii. Juzi mmoja wenu, jina namhifadhia, aliniuliza mbele za watu: "Bibi, eti unajua Kiitaliano? Cha nini sasa, na hata Roma hujafika?" Wenzake wakaangua kicheko. Mie nilikuwa namenya chungwa, nikaendelea kumenya. Lakini leo nimekaa, nimestaafu, sina ninakokimbilia, na jibu nitawapa lote. Anayetaka kucheka acheke, atanyamaza mwenyewe.

Ni kweli, Roma sijafika. Hata Nairobi sijafika. Nilitoka Masasi nikiwa mwali, nikateremkia Buguruni kwa mume, na tangu hapo safari yangu ndefu ni ya Kibamba. Lakini Kiitaliano ninacho. Nakisoma, nakiandika, nakitukania inapobidi. Na sijutii hata siku moja niliyoitumia kukitafuta, ingawa nilichekwa na wanaume wazima wenye ndevu zao, sembuse nyie.

Kazi yangu ilikuwa mashine ya randa, hapa hapa Keko, katika karakana ya Bwana Nassor. Kwa wale mliozoea kukikuta kiti kimeshakuwa kiti, niwaeleze. Ubao ukitoka kwenye msumeno una manyoya na umepinda. Unausukuma juu ya meza ya chuma. Katikati ya meza pana mwanya, na ndani ya mwanya linazunguka roli la chuma lenye visu. Visu vinaula ubao kwa chini, unatokea upande wa pili umelainika kama shavu la mtoto. Mkono wako nao unapita juu ya mwanya huo huo, kutwa nzima. Ndiyo kazi.

Niliingiaje? Kwa ajili ya kuku. Nilikuwa na vifaranga wangu Buguruni, nikawa naja Keko kuzoa maranda ya kuwatandikia bandani. Nikizoa, nashika na fagio. Nikimaliza kufagia, namshikia fundi ubao upande wa pili. Mwaka haukuisha, Mzee Mchopa, fundi mkuu wa mashine, akasema, "Huyu mwanamke asirudishwe kwenye fagio. Ana sikio." Tajiri akaguna. Tajiri ndiye Bwana Nassor: babu yake aliuza misumari, baba yake akauza misumari na vitasa, yeye akaona bora atengeneze vitu vyenyewe vya kupigiliwa misumari. Mtu wa adabu, lakini mgumu. Alikuwaga akiguna namna ile unajua hajakubali, ila amechoka kubisha.

Mzee Mchopa alikuwa mtu wa Newala, alichonga vinyago vya mpingo miaka mingi kabla ya kuja kwenye mashine. "Usiiangalie, isikilize," alinifundisha. "Ikiimba, sukuma. Ikinung'unika, rudisha ubao nyuma, kuna kitu." Na kabla ya kuiwasha mashine yoyote ngeni alikuwa anaipapasa yote kwa mkono, juu na chini, kama mtu anayemkagua mbuzi wa sikukuu. Watu walimcheka. Mie nikaiga.

Sasa niwaambie kosa, na si kosa la mtu mmoja, ni la Keko nzima. Siku hizo mashine ya mtumba ikifika, na nyingi zilitoka Italia, kitu cha kwanza ni kuivua. Ndivyo tulivyoita. Unatoa makava yote, kwa sababu yanachelewesha kazi na yanajaza maranda. Unang'oa vibati vyenye maandishi, kwa sababu rangi haishiki vizuri pembezoni mwake. Kisha unaipaka mashine nzima rangi ya kijani mpaka inang'aa, mteja akipita barabarani aone karakana ina mashine mpya. Rangi ile ya kijani ndiyo ilikuwa heshima yetu. Hakuna aliyeuliza vibati vinasema nini. Maandishi ya Kizungu, basi. Kizungu gani? Kizungu tu, kwani viko vingapi?

Mashine ya kwanza ya Kiitaliano ya Bwana Nassor niliivua mie, kwa mkono wangu na bisibisi yangu. Nilikuwa na haraka ya kuonekana fundi. Kulikuwa na kibati kimoja cha manjano, ukubwa wa ukurasa wa daftari, kina mistari minne ya maandishi na kimechorwa pembetatu. Kizuri, hakina kutu. Nikakipeleka nyumbani, nikazibia tundu kwenye mlango wa banda la kuku, maana kicheche alikuwa ameanza kunizoea.

Mashine ikafanya kazi miaka minne bila neno. Halafu siku moja mchana, watu wametoka kuswali adhuhuri, tulikuwa na miguu ya stuli, vipande vya mninga vifupi vifupi, shubiri moja na kidogo. Mzee Mchopa alivisukuma kwa mkono kama sote tulivyokuwa tukisukuma. Kimoja kikapinduka. Sitawasimulia damu. Mkono wake wa kulia ulibaki na kidole gumba na kidole cha mwisho.

Aliporudi kutoka hospitali, watu walikuwa wameshakubaliana: mzee amezeeka, macho yamekwenda. Tajiri akasema, "Uzembe, Mzee Mchopa. Uzembe." Hakumfukuza, akampa stoo ya misumari na gundi. Na Mzee mwenyewe, mtu aliyechonga mpingo miaka yote ile bila kujikata, aliinamisha kichwa. "Ni mie tu, mwanangu," akaniambia. "Nimekuwa mzembe." Maneno yale yaliniuma kuliko ile ajali. Nikakaa kwenye nafasi yake, nikasukuma mbao.

Sasa twende Kibamba. Kule nilikuwa na mteja wangu wa maranda, Bibi Luiza, Mwitaliano, mjane wa injinia wa hapa hapa kwetu aliyekwenda kusoma kwao akarudi na cheti na mke. Mume alipofariki, ndugu zake wa Italia walimwita arudi, akawajibu kwamba yeye ana bata. Jumapili nilikuwa nampelekea magunia mawili, kwa kigari cha kirikuu cha jirani yangu aliyefuata chakula cha kuku njia hiyo. Aliwaamkia "shikamoo" watu wote, hadi watoto wa chekechea. Ukimsahihisha anakwambia bora azidishe kuliko apunguze.

Jumapili moja alinikaribisha jikoni. Jiko lake la gesi alikuja nalo kutoka kwao, na ubavuni pamebandikwa karatasi ya manjano. Neno la kwanza nikalitambua. Nililitambua kwa sababu nililiona kila asubuhi na kila jioni nikifungua na kufunga banda: ATTENZIONE, na pembetatu ile ile.

"Bibi, hili neno ni nini?"

"Hilo? Angalia. Hatari. Kwa nini?"

Chai ilinishinda kumaliza.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na kibati nimekifunga kwenye khanga. Bibi Luiza akavaa miwani, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Umekitoa wapi?" Nikamwambia, mlango wa kuku. "Na kabla ya kuku?" Nikamwambia. Ndipo akanitafsiria taratibu, kidole kikifuata mistari: usirande kwa mkono kipande kifupi kuliko sentimita thelathini. Tumia kijiti cha kusukumia. Kipande kifupi hupinduka na kuvuta mkono kwenye visu.

Nilikaa chini palepale uani, penye mavi ya bata. Miaka minne mashine ilikuwa na neno la kutuambia, na mie ndiye niliyeliondoa. Mzee Mchopa hakuwa mzembe hata kidogo. Nililia mpaka Bibi Luiza akaenda kuwafungia bata, maana walikuwa wameanza kunidonoa miguu.

Nyie mngefanyaje? Hakuna aliyejua. Ningeweza kukirudisha kibati kwenye banda, kikaendelea na kazi yake ya kuzuia kicheche, na maisha yakaenda. Jumatatu asubuhi niliingia stoo, nikafunga mlango, nikamsomea Mzee. Kwanza kwa Kiitaliano, nilikuwa nimekikariri chote bila kujua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Kisha kwa Kiswahili. Kisha nikamwambia nani alikitoa.

Alikuwa anapanga misumari kwenye makopo. Hakuacha kupanga.

"Kwa hiyo si mie," akasema.

"Si wewe, Mzee."

"Ni wewe."

"Ni mie."

Hakunipiga wala hakunitukana. Alininunia mwezi mzima. Nikimwamkia, anaitikia marahaba huku anaangalia ukuta. Mwezi ulipokwisha akaniita mwenyewe. "Hicho Kiitaliano unakijua chote?" Nikamwambia najua hicho kibati tu. "Basi kajifunze chote," akasema. "Usiniletee nusu. Hapa itakuja mashine nyingine, na utakuja mkono mwingine."

Hiyo ndiyo sababu yangu. Sikujifunza ili nipande ndege wala ili nionekane msomi. Nilijifunza kwa sababu niliona aibu, na aibu ile nilitaka niifanyie kitu.

Tukapatana na Bibi Luiza: maranda yake yanakuja, masomo yangu yanatoka. Jamani, yule mama alikuwa mkali! Ukikosea anapiga meza mpaka vikombe vinaruka. Kitabu hakuwa nacho. Aliniandikia kila kitu kwa mkono wake, kwa kalamu, mwandiko wa kwao uliolala kama majani yaliyopigwa na mvua, tarakimu ya moja yao inafanana na saba yetu, saba yao wameikata kiunoni. Nikamlalamikia, "Bibi, si uandike kwa herufi kubwa?" Akanijibu, "Mafundi wa kwetu hawaandiki herufi kubwa. Utasoma wanavyoandika wao." Nilimwona mkorofi. Nilikuwa naondoka Kibamba kichwa kinaniuma, nimeapa sirudi, na Jumapili nyingine huyo nipo mlangoni na magunia yangu.

Nilikuwa nakariri nikilisha kuku. Majirani wa Buguruni wakaanza kuleta watoto wachungulie uani: Mama Tatu, ndiye mie, anaongea Kizungu na kuku. Naam, niliongea nao, na hawakunicheka. Shemeji yangu akaitisha kikao, eti nimerogwa Keko. Nikahudhuria, nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamjibu kwa Kiitaliano kirefu kabisa, nikaenda zangu kupika. Nilichomjibu kilikuwa siku za wiki na majina ya matunda, lakini kikao hakikuitishwa tena.

Tajiri nilipomweleza habari ya kibati aliguna tu, na pale karakana walinibandika jina, Mama Italia. Wengine walinishauri kwa upole: mama, jifunze Kiingereza, ndiyo lugha ya dunia. Sina ugomvi na Kiingereza. Lakini mashine iliyokuwa mbele yangu haikuandikwa Kiingereza, na mikono iliyokuwa inapita juu yake ilikuwa yetu. Nikawaambia hivyo, wakacheka, nami nikawaacha na kicheko chao.

Raha nayo ilikuwepo, msidhani ni uchungu mtupu. Siku moja alikuja Mwitaliano na mkewe, wanataka viti. Wamevizunguka viti vyangu, yule mwanaume anamnong'oneza mkewe kwa lugha yao kwamba kiti hiki kimepinda mguu, hawa hawajui kazi. Mie nimesimama pembeni na fagio, wananiona mfagiaji. Nikamwambia kwa Kiitaliano: "Kiti kimenyooka, bwana. Sakafu ndiyo imepinda. Kisogeze hapa uone." Yule bwana akawa mwekundu mpaka kwenye masikio. Mkewe alicheka hadi akashika ukuta. Walichukua viti vyote, na yule mama akawa kila akija lazima anywe chai kwangu.

Haya, sasa siku yenyewe. Bwana Nassor alipata oda ya madawati ya shule, oda kubwa kuliko zote, na kwa ajili ya oda hiyo akaleta mashine nyingine kutoka Italia, ndefu, ya kuranda ubao juu na chini kwa mpigo mmoja. Ilishushwa Alhamisi. Madawati ya kwanza yalitakiwa kutoka wiki inayofuata. Kabla haijatulia vizuri chini, vijana wameshashika bisibisi na makopo ya rangi ya kijani, makava ya pembeni yameshatoka. Fundi umeme wetu, Gervas, kijana mwerevu kwa kweli, ameshafungua sanduku la nyaya. Mashine ile ilikuwa na swichi kwenye kava: kava lisipokuwepo, haiwaki. Gervas akasema si tatizo, anaunga nyaya moja kwa moja, itawaka hivyo hivyo bila kava. Kila mtu Keko angefanya vile.

Mie nikaanza kuipapasa mashine kama nilivyozoea. Chini ya meza ya juu, mkono ukagusa karatasi. Ilikuwa kadi ya kaki imefungwa kwa waya karibu na roli la visu, imelowa grisi, imeandikwa kwa kalamu. Gervas akatoa simu, akaipiga picha. Akapiga tena. Akaifuta, akapiga tena. Simu ikasema haioni maandishi. Nawaambia hili kwa sababu najua mlichokuwa mnangoja kunikata nacho, kwamba siku hizi simu inatafsiri yenyewe. Inatafsiri, sikatai. Siku ile haikuona kitu.

Mie niliuona ule mwandiko uliolala. Grisi ilikuwa imekula nusu. Nikasoma "bulloni", hizo ni bolti. Nikasoma "non serr", yaani hazijaka, na neno likapotelea kwenye grisi. Mwisho nikasoma "prima di", kabla ya. Kabla ya nini, hapakuwa na kitu.

"Tajiri, mashine hii isiwashwe," nikasema. "Bolti za visu nadhani hazijakazwa."

"Unadhani?"

"Nadhani. Tuzifungue tuone. Au tupige simu ilikotoka."

Kuzifikia bolti zenyewe ilikuwa lazima uitoe meza ya juu, kazi ya nusu siku, na tajiri hakuwa na nusu siku ya kunipa kwa ajili ya nadhani. "Mama Tatu," akasema, "mwalimu mkuu ananipigia kila saa, wewe unanidhania? Gervas, unga nyaya."

Nikaona mashine inawashwa. Nikaona na kijana atakayesimama mbele yake. Nikainama, nikautoa mkanda unaozungusha roli, nikauvaa begani juu ya khanga.

"Rudisha huo mkanda," tajiri akasema.

"Sirudishi."

"Basi umejifukuza kazi mwenyewe."

"Sawa, nimejifukuza. Lakini mkanda naondoka nao."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waambie kuna bibi wa Masasi amekataa watu kukatwa mikono. Uwaambie hivyo hivyo, usibadilishe neno."

Hata wa karakana za jirani wakazima misumeno wapate kusikia. Msidhani mie chuma. Niliogopa. Mume wangu alikuwa kitandani mwaka wa pili, watoto wawili shuleni, na karakana ile ndiyo iliyotulisha. Na nilichokuwa nacho mkononi ni nusu ya sentensi. Kama nimekosea, kazi imekwenda, na Mama Italia atakuwa kichekesho cha Keko mpaka azikwe. Lakini kuurudisha ule mkanda, hapana. Wallahi nisingeurudisha.

Mzee Mchopa akatoka stoo. Alisimama mlangoni, akauegemeza ule mkono wake wa kulia kwenye fremu ya mlango. "Bwana Nassor," akasema, "mpe simu." Tajiri akautazama ule mkono kwa muda. Akaguna.

Namba ilikuwa kwenye karatasi za mashine. Tajiri akapiga mwenyewe, akaweka sauti ya nje ili watu wote wasikie nikiaibika. Ikaita sana. Kisha ikapokelewa na mzee, sauti nzito, nyuma yake vyuma vinagongwa: "Pronto!" Tajiri akanisukumia simu haraka utadhani inamuunguza.

Nikaanza. Maneno ya mwanzo yakatoka kinyumenyume. Yule mzee akamimina maneno kama maji, nikamkatiza: "Piano, per favore." Taratibu, tafadhali. Akapunguza. Nikamwambia napiga kutoka Dar es Salaam, nina mashine yake, nimekuta kadi imelowa grisi. Nikamsomea: bolti, hazijaka, kabla ya. Sikumaliza.

"Non accendere!" alipiga kelele. "Non accendere! Non accendere!"

Usiwashe. Lakini hapakuhitajika mkalimani. Gervas alikuwa ameshaziachia nyaya na kurudisha mikono kifuani.

Yule mzee akaeleza kwamba kadi aliifunga mwenyewe. Visu vya ile mashine alivilegeza ili avipake grisi, chumvi ya bahari isivile njiani, na bolti zote alizirudisha kwa mkono tu. Ikiwashwa vile, visu vinachomoka na kuruka, na hakuna kava linalovizuia, sembuse pasipokuwa na kava. Kisha akauliza fundi yuko wapi, anataka azungumze na fundi mwenyewe amwelekeze namna ya kuzikaza.

Nikawatazama. Tajiri anaangalia chini. Gervas anaangalia simu. Vijana wameduwaa na makopo yao ya rangi.

"Sono io," nikamwambia. Ni mimi.

Akasema, "Brava, signora," yaani hongera mama, akaanza kunielekeza upya, taratibu kabisa, bolti ipi ianze, ipi ifuate, na mie nikaandika kwenye ubao kwa penseli ya useremala mpaka ubao ukajaa.

Tukaitoa meza ya juu. Nusu siku, kama nilivyosema, na tajiri alikuwa amesimama palepale muda wote, hakwenda kula. Roli lilipoonekana, nikamwita Mzee Mchopa. Akasogea. Akaupeleka ule mkono wake wa kulia, kidole gumba na kidole cha mwisho, vidole viwili tu alivyobakiza, akakishika kichwa cha bolti ya kwanza. Ikazunguka bila spana. Akaizungusha mpaka ikatoka yote, akaiweka kwenye kiganja cha Bwana Nassor.

"Na huu, tajiri," akamuuliza, "ungekuwa uzembe wa nani?"

Bwana Nassor alikaa kwenye rundo la mbao. Aliishika ile bolti muda mrefu. Ndipo akasema, mbele yetu wote, mtu ambaye sijawahi kumsikia akiomba kitu: "Nisamehe, Mzee Mchopa. Kwa ile siku, na kwa miaka yote."

Mzee alilia, akaenda stoo kunawa uso.

Mkanda niliurudisha mwenyewe, lakini si kabla tajiri hajatamka kwamba katika karakana yake hakitang'olewa kibati tena. Makava yakarudi. Pembeni ya kila kibati nikaandika Kiswahili chake kwa rangi nyekundu. Jumapili nilikwenda Kibamba, nikamweleza Bibi Luiza habari ya ule mwandiko, akapiga meza mpaka vikombe vikaruka.

Mashine ile ilishikwa na watu wanne, mmoja akimpokea mwingine, mpaka ilipochakaa ikauzwa chuma chakavu. Wote wanne wako hapa hapa Keko, wawili karakana ile ile, mmoja ana vitanda vyake barabarani, mmoja ni dereva. Nyie mnaoniuliza faida ya Kiitaliano, msiniulize mie tena. Nendeni kwao, mkawape mkono, mhesabu na vidole.